Kioo Nilichokibonyeza

Tar. 4, mwezi wa tano

Mimi Jilala, mtoto wa Masunga, naanza kuandika leo. Siandiki kwa kupenda. Mtaa huu wa Nyahanga umejaa watu wanaokana maneno yao, na nikisema nakumbuka wanasema ni uzee. Sasa yatakuwa kwenye karatasi. Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari na watoto wanne, na darasa zima niliwashinda isipokuwa mwanamke mmoja ambaye nadhani alisoma zamani akaficha.

Adui wa kwanza ni Mwigulu, anakaa ng'ambo ya barabara. Wote tumetoka Kishapu. Yeye ni Mgika, mimi ni Mgalu. Asiyejua ngoma zetu aelewe hivi: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, saa moja, huyu upande huu na yule upande ule. Hakuna refa. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwa anayewavuta. Aliyebaki na watu kashinda, aliyebaki na vumbi kashindwa. Mimi nilikuwa kiongozi wa ngoma na nimevuta watu mpaka wauza karanga wa upande wa Mwigulu wakahama na mabeseni yao.

Adui wa pili yuko humu ndani. Ni Limi, binti wa mwanangu Amosi wa Geita. Amemaliza chuo, amerudi kwetu, anakaa chumba cha mbele anacheza mpira wa kwenye kompyuta huku akiongea peke yake. Anasema yuko laivu, yaani watu asiowajua wanamtazama kwenye simu zao. Ananiita babu kama watoto wa mjini. Alipokuwa mdogo aliniita guku, kama tunavyosema nyumbani.

Amosi amepiga simu: mavuno yakiisha na mchezo huo haujawa kazi, Limi aende Geita akauze mabuti na karai za wachimbaji dukani kwake. Nikamwambia hata kesho. Nitapata kulala mchana.

Tar. 5

Mvua. Mpunga umelala chini kama mlevi.

Tar. 8

Mvua. Mke wangu Mbuke anasema mvua ya kuchelewa ni ya kawaida. Si ya kawaida.

Tar. 9

Limi ameleta habari. Swaleh, yule muuza televisheni na kompyuta, anafungua ukumbi wa magemu karibu na stendi ya Kahama. Anataka mchezaji mmoja awe wa ukumbi, akae kwenye kiti cha mbele, acheze laivu kila siku. Wamebaki wawili: Limi, na Enock, mjukuu wa Mwigulu. Siku ya Sabasaba, saa kumi alasiri, kila mmoja ataingia laivu kwake kwa wakati mmoja. Atakayekuwa na watazamaji wengi kiti ni chake.

Nikamwambia, hiyo si gemu, hiyo ni ngoma.

"Sawa babu. Basi nahitaji vioo viwili vya kompyuta. Hiki cha kuazima kina mstari wa kijani katikati."

"Una macho mangapi?"

"Mawili."

"Kumbe kila jicho na kioo chake."

Hakucheka. Mtoto huyu hacheki. Akasema kimoja ni cha kuchezea na kingine cha kusomea komenti, yaani maneno ambayo watazamaji wanamwandikia. Cha kuchezea kiwe inchi ishirini na nne, kisizidi, kwa kuwa anakaa karibu, kikiwa kikubwa atakuwa anageuza shingo kama kuku. Na kiwe na hezi nyingi.

"Hezi ni mnyama gani?"

"Ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha ndani ya sekunde. Kikiwa kizito, mpira umeshatoka mguuni kwa mtu, wewe bado unauona uko kwake."

Hilo nilielewa kabla hajamaliza. Ni mkono wa mpiga ngoma. Mkono ukichelewa wachezaji wanajikwaa. Sikumwambia kwamba nimeelewa. Lakini kwamba kidogo kinashinda kikubwa, hapana. Nimenunua ng'ombe mnadani Mhunze tangu baba yake hajaota meno, na sijaona ndama akipita bei ya fahali.

Tar. 14

Mvua imekata. Tumeanza kuvuna.

Tar. 16

Mwigulu amemnunulia Enock kioo kutoka Mwanza. Kilishushwa kwenye basi kikapakiwa bajaji, na bajaji ikapita mbele ya mlango wangu, ikaenda mpaka kwenye mashine ya kukoboa, ikageuza, ikapita tena. Wakafungua boksi nje, wakati ndani ya nyumba yao pana meza.

"Mwangaluka, Jilala."

"Mwangaluka."

"Umekiona? Kimepinda kama pembe za ng'ombe."

"Kimepinda kwa sababu kimechoka njiani."

"Mpira wenu mnautazamia wapi? Kwenye sufuria?"

Mbuke akanivuta mkono. Nikaingia ndani, nikakaa, nikasimama, nikakaa.

Tar. 17

Kwa hiyo nitanunua. Si kwa ajili ya Limi.

Tar. 23

Haya yaandikwe vizuri, kwa kuwa Swaleh atayageuza.

Tulikwenda dukani kwake watatu: mimi, Mbuke na Limi. Limi amebeba kompyuta yake na kebo yake mwenyewe. Swaleh akamwamkia Mbuke, akaniamkia mimi, nikaitikia marahaba, mpaka hapo hakuna ugomvi. Nyuma ya duka ana vioo vilivyopangwa ukutani, vipya na mitumba ya maofisini.

Limi akaenda moja kwa moja kwenye mitumba. Akachukua kimoja chembamba, kidogo kama sinia la watoto, akakichomeka, akafungua gemu lake akaanza kucheza pale pale amesimama. Akapandisha mwanga, akashusha. Akakiinua kwa kitako chake kuona kinafika usawa wa macho. Akakiinamia kulia na kushoto kuona kama rangi inakimbia. Akajaza kioo weusi mtupu akakitazama muda mrefu akitafuta vidoa. Niliona aibu. Mnunuzi hachezi na mnyama mbele ya mwenye mnyama, anampandishia bei.

"Hiki," akasema.

"Hicho ni ndama," nikasema. "Swaleh, nionyeshe fahali."

Swaleh akanipeleka kwenye kioo kimoja kipya, kipana, mtu angeweza kukitandika akalala. Limi akasoma karatasi ya nyuma akasema, "Babu, hiki hezi sitini. Kinaburuza picha. Kwa mpira hakifai."

"Kinafaa kwa mwenye macho."

Sasa. Kila mtu aliyewahi kununua ng'ombe anajua kwamba mnyama huwezi kumjua kwa kumtazama. Unampiga kofi la paja. Unashika nundu, unabonyeza kwa dole gumba, na nyama ikirudi upesi mnyama ni mzima. Mimi nimebonyeza nundu maelfu. Nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya kile kioo, na kwa mkono wa kulia nikabonyeza katikati, kwa dole gumba, sawasawa, kama ninavyobonyeza.

Kikalia ndani, sauti ndogo kama mfupa wa samaki. Nilipotoa dole palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa yai, na halikurudi.

Swaleh akaja akaliinamia lile doa.

"Mzee," Swaleh akasema, "umebonyeza, umenunua."

"Umeniuzia mgonjwa."

"Alikuwa mzima mpaka ulipompima."

Tulibishana mpaka watu wa duka la jirani wakaja kusimama mlangoni. Nilimwambia baba yake alinijua. Akasema baba yake alimwonya. Mwisho mpunga wangu wote wa kuuza ukaishia kwenye kile kioo, na Limi akabaki ameshika chake kidogo, hata jicho lake halikunitazama. Ningependa anitukane. Mbuke akafungua fundo la kanga. Fedha ya magunia yake mawili, aliyolima kwa jembe lake, akamlipia ndama.

Tumerudi na vioo viwili kwenye bajaji moja. Mwigulu alikuwa nje. Nilikifunika changu kwa koti.

Tar. 24

Sisemi na mtu.

Tar. 25

Wao pia hawasemi na mimi.

Tar. 30

Limi amepanga meza. Ndama mbele ya macho yake, amesimama juu ya matofali mawili ili shingo isiiname. Ameigeuza meza ili mwanga wa mlangoni usiingie kwenye kioo. Fahali langu amelisimamisha pembeni, kwa wima, kama mlango. Lile doa limebaki pale pale katikati.

"Kwa nini umekigeuza?"

"Hicho ni cha komenti. Maneno yanashuka kutoka juu, wima unabeba mengi. Kwa maneno hezi si tatizo." Kisha akasema kwa uchungu, kama mtu anayetoa mwiba: "Lakini nani atayasoma? Mimi macho yako kwenye mpira. Enock anaye rafiki anayemsomea. Bibi hajui kusoma."

Nikamwacha ahangaike kidogo.

"Mimi nimesoma kisomo," nikasema.

"Najua babu."

"Darasa zima niliwashinda."

"Isipokuwa mwanamke mmoja. Najua. Usome tu basi. Usiongeze."

Mjukuu wangu anadhani amenipa kazi ya utumishi. Hajui ngoma. Katika ngoma, anayeruka anatazamwa, lakini kiongozi ndiye anayetazama watu, anaona wanaosogea na wanaokimbia. Fahali langu linatazama watu. Kwa hiyo nilichagua sahihi.

Tar. 6, mwezi wa sita

Jaribio la kwanza. Watazamaji sitini. Nasoma polepole kwa sababu wanaandika vibaya. Maneno yakifika kwenye doa yanapotea, nasubiri yatokee chini.

Mmoja akaandika: *huyo mzee anasoma kama anatafuna mfupa.*

Nikasoma hivyo hivyo, kisha nikasema, "Wewe uliyeandika hivi, mfupa unatafunwa na mwenye meno. Waulize kwenu nani aliwang'oa."

Watazamaji wakapanda mpaka themanini. Limi akazima kinasa sauti.

"Babu, soma tu. Usijibu."

Tar. 7

Tumepura mpunga wa kula. Vumbi limeanza.

Tar. 13

Watazamaji mia mbili. Niliwajibu watatu tu.

"Babu, soma tu."

"Wamekuja au hawakuja?"

"Nimefunga goli kutoka katikati ya uwanja leo. Umeona hata mtu mmoja ameliandika?"

Sikuona. Labda lilipita kwenye doa.

Tar. 15

Mwigulu anasema nimetia samba kwenye kioo, ile dawa ya kuvutia watu kwenye ngoma. Nilimjibu kwamba dawa ni ya wasio na sauti. Lakini nilipenda kwamba amesema.

Tar. 21

Mia nne. Mbuke anasema Limi hali vizuri. Nikasema ni hofu ya ngoma, hata mimi nilikuwa hivyo. Uongo, mimi sikuwahi kuwa na hofu.

Mbuke akasema, "Mwenzio anataka kubaki hapa. Hilo tu. Mchezo wake ndio njia yake ya kubaki. Usiukalie."

"Nimekalia kigoda," nikasema.

Tar. 28

Upepo. Vumbi jekundu hadi kwenye chai.

Tar. 8, mwezi wa saba

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Sabasaba jua lilikuwa kali na barabara ina watu. Kabla ya saa kumi Mwigulu alitoa kiti chake, akakaa mlangoni kwake kunikabili. Limi alivaa jezi yake, akapangusa vioo vyote viwili kwa kitambaa kikavu, akanigeukia.

"Babu. Leo nakuomba. Leo tu. Soma, usijibu."

"Sawa," nikasema. Nilimaanisha.

Tukaingia laivu. Mwanzo Enock alikuwa na mia tano, sisi mia mbili. Swaleh alikuwa ametuma hesabu ya pande zote mbili ionekane juu ya kioo changu. Limi alikuwa anacheza vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: mikono yake ilikuwa inakwenda kama ya mpiga ngoma wangu wa zamani, na ndama yule hakuchelewa hata kidogo. Goli moja. Mawili. Watu wanabaki mia mbili.

Ndipo ikashuka komenti: *babu leo kafungwa mdomo? tuhamie kwa Enock.*

Nikaisoma. Nikanyamaza. Hesabu ikashuka, mia na tisini, mia na sabini. Walikuwa wanaondoka mbele ya macho yangu, naona migongo yao. Hakuna Mgalu anayeweza kutazama migongo ya watu wake wakielekea kwa Mgika akanyamaza. Nikavuta kinasa sauti karibu.

"Nendeni," nikasema. "Nendeni kwa Mwigulu. Ngoma yake naijua, watu wanakuja kwake kupumzika. Mwaka mmoja alicheza mpaka jua likazama, na aliyebaki kumtazama ni punda, tena amefungwa."

Mia tatu. Mia tano. Wakawa wanarudi na wengine wameshikwa mkono. Nikaendelea. Walikuwa wananiandikia kutoka Geita, kutoka Mwanza, kutoka mahali sikujua kama pana umeme. Kwenye doa hakuna kilichokwama, kila neno nililidaka chini kama mpunga kwenye ungo. Kumbe Mwigulu ananisikia kwenye simu kule mlangoni, maana nilipoinua kichwa alikuwa ameshavuka barabara, amesimama dirishani.

"Jilala. Punda yule alikuwa wako. Alikukimbia."

"Alikimbia harufu ya jasho lako."

"Wewe ulicheza na suruali ya kuazima."

"Na aliyeniazima alikuhama siku hiyo hiyo."

Elfu moja. Mwigulu alikuwa analiangusha kundi la mjukuu wake mwenyewe na hajui, au anajua na hajali. Alikuwa na jicho lile la zamani. Hata mimi. Tulipigana kwa maneno kama watu wanaokula baada ya njaa. Elfu mbili. Sijawahi, hata Kishapu, hata enzi zangu, kuwa na watu elfu mbili.

Kisha ikashuka komenti moja, ikaingia kwenye doa, nikaisubiri itokee chini. Ikatokea.

*dada ameondoka.*

Nikageuka. Kiti kitupu. Vifaa vya masikioni viko mezani. Kwenye ndama wachezaji wake wamesimama uwanjani, mikono chini, na wale wengine wanapita katikati yao wanafunga, wanarudi, wanafunga tena.

Sijui alisimama saa ngapi. Watu elfu mbili walikuwa wanatazama na ni mmoja tu aliyeona.

Tar. 9

Swaleh amekuja asubuhi, anacheka meno yote.

"Mzee, mmeshinda. Ila kusema kweli watu hawakumtaja binti. Kiti nakupa wewe. Wewe na yule mzee wa ng'ambo, mkae mtukanane kila siku saa kumi."

Limi alikuwa uani, anasikia. Mlango ulikuwa wazi.

"Ulisema kiti ni cha mchezaji," nikamwambia.

"Nilisema cha mwenye watu."

"Watu nilikuja nao mimi. Nampa yeye."

"Watu hawagawiwi, mzee. Wewe ndiye unajua hilo kuliko mimi."

Nikamfukuza. Sikukosea chochote. Aliniomba nisijibu, ndiyo, lakini watu walikuwa wanaondoka. Mtu yeyote wa ngoma angejibu.

Tar. 10

Limi ameondoka kwa basi la asubuhi, kwenda Geita kwa baba yake. Ndama amemfunga ndani ya shuka la Mbuke, amempakata mapajani. Fahali ameliacha. Nilimwambia safari njema. Akasema, "Shikamoo babu." Hiyo ni salamu ya kukutana.

Tar. 14

Vumbi.

Tar. 15

Vumbi. Nalala mchana. Usingizi wa mchana si kitu.

Tar. 19

Nimesikia Swaleh alikwenda pia kwa Mwigulu na kile kiti. Mwigulu akakataa. Sijui kwa nini na sitamwuliza. Kiti amepewa Enock kwa kuwa hakubaki mwingine.

Tar. 26

Alasiri hodi. Mwigulu. Miaka yote hii hajawahi kuvuka kizingiti changu. Nyuma yake Enock, amebeba kompyuta yake ya zamani.

"Mwadila."

"Mwadila. Umepotea njia?"

"Mjukuu wako yuko laivu kutoka Geita. Kioo chetu kiko ukumbini. Na hiki chako kinakaa bure kama mchumba aliyekataliwa."

Enock akachomeka nyaya, akakilaza kioo ubavu. "Babu, tafadhali usikibonyeze," akasema. Nikaandika kichwani kwamba sitalisahau hilo.

Limi akatokea. Yuko dukani kwa Amosi, nyuma yake mabuti yananing'inia kwenye kamba kama samaki. Anacheza mwenyewe, anasoma komenti mwenyewe kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo, anapopata nafasi. Watazamaji kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja," Mwigulu akasema. "Hiyo si ngoma, ni kikao cha ukoo."

"Na mashine inatuhesabu sisi watatu mtu mmoja," Enock akasema.

"Wewe na mimi mtu mmoja?" Mwigulu akaniuliza. Tusi kubwa kuliko yote tuliyopeana.

Alicheza. Nilimtazama, sikumsikiliza mtu. Goli lile la kutoka katikati ya uwanja alilifunga tena, na safari hii nililiona lote, kutoka mguuni hadi wavuni, likikokota mkia kwenye kioo changu kizito, likapita kwenye doa likatoka upande wa pili.

Nikamwambia Enock anipe vibonyezo vya kuandikia. Niliandika kwa kidole kimoja, sikuharakishwa na mtu: *Ndama anakimbia vizuri. Beki yako iko wazi.*

Ilichukua muda kufika. Akainamia simu, akasoma kwa sauti, akaishia katikati. Jina lililotokea lilikuwa la Enock, lakini hakulitaja. Akarudisha macho kwenye mpira.

"Shikamoo, guku," akasema. "Kaa nyuma ya watu. Usinizibie."

Nikasema marahaba.

"Hakusikii," Mwigulu akasema. "Wala hakuoni. Huwezi kumzibia mtu yuko Geita."

"Najua."

Nikabeba kigoda changu, nikakisogeza nyuma, mpaka ukutani.